Tusome baada ya wafadhili kuondoka: maoni ya mwalimu wa Gredi ya Kwanza, Bungoma

Kila Januari wazazi wa darasa langu huniuliza maswali yaleyale. Je, Tusome, huu mpango wa serikali wa kufundisha kusoma, unafaa, au afadhali wajinyime wampeleke mtoto akademi, shule ya binafsi, anakofundishwa foniksi za Kizungu, yaani kusoma kwa sauti za herufi za Kiingereza? Na zile kadi za herufi zinazouzwa mjini zinasaidia, au ni kupoteza pesa? Nimeona niyajibu hapa kwa kirefu, kwa sababu mlangoni mwa darasa, kengele ikishalia na watoto wakivutana mikoba, huwezi kumweleza mzazi jambo likamtosha.

Nafundisha shule ya umma upande wa Kanduyi, Kaunti ya Bungoma. Nilianza kazi tukiwa bado tunasema Darasa la Kwanza, kabla Tusome haijazaliwa. Niliipokea ilipokuja, nikaifundisha ilipokuwa na nguvu zake zote, na ninaifundisha sasa ambapo waliokuwa wakiigharimia wameshaondoka. Kwa hiyo naizungumzia kama huduma niliyoitumia miaka nenda miaka rudi, na ambayo watoto wa majirani zangu wanaitegemea kwa sababu hawana nyingine.

Nitangulize maoni yangu. Kitabu cha mwanafunzi ni kizuri. Mwongozo wa mwalimu ni mzuri zaidi. Lakini kilichofanya watoto wasome ni yule afisa wa mtaala aliyekuwa akija kuketi nyuma ya darasa, na huyo ndiye serikali inayemwacha apotee polepole huku ikijivunia vitabu.

Kwa wasiojua ilikotoka: kabla ya Tusome kulikuwa na majaribio yaliyoitwa PRIMR, kati ya 2011 na 2014. Yalifanyika Nairobi, Kiambu, Nakuru na Kisumu, kisha yakaongezwa huku kwetu Bungoma na kule Machakos, ambako baadhi ya shule zilifundisha watoto kusoma kwa lugha ya nyumbani, Lubukusu huku na Kikamba kule. Yaliyoonekana kufaa ndiyo yaliyopelekwa nchi nzima kuanzia 2015 kwa jina la Tusome. Wizara ya Elimu ndiyo mwenye mpango, USAID, shirika la misaada la Marekani, ilitoa fedha pamoja na msaada wa Uingereza, na shirika la RTI International ikaendesha kazi. Zaidi ya shule 20,000 za umma, madarasa ya chini, Kiswahili na Kiingereza. Na jambo ambalo mwalimu wa zamani hawezi kulisahau: kila mtoto kitabu chake. Kabla ya hapo tulikuwa tunawapanga watoto watano, sita kwenye kitabu kimoja, na yule wa pembeni anasoma kiwiko cha mwenzake.

Sasa niwaonyeshe kipindi chenyewe, maana wazazi wengi hudhani kusoma bado kunafundishwa kwa kuimba "be-a-ba, be-e-be".

Kipindi ni dakika 30. Tuseme leo ni sauti ya m. Naiandika herufi ubaoni na kuitamka: mmm, midomo imefungwa. Sisemi "em", wala sisemi "ma". Kwanza natamka peke yangu, watoto wananitazama mdomo. Kisha tunatamka pamoja. Kisha wanatamka wao, nami nanyamaza na kupita katikati ya madawati nikisikiliza nani anatamka na nani anafuata mdomo wa jirani. Baada ya hapo m inakutana na irabu: ma, me, mi, mo, mu. Silabi zinaunganishwa ziwe maneno: mama, mimi, umeme. Mtoto akifika kwenye "umeme" na kuisoma mwenyewe, neno ambalo sijamwandikia wala kumtamkia, uso wake hubadilika, na mimi mpaka leo sijachoka kuuona uso huo. Ndipo tunafungua hadithi. Wanatazama picha na kubashiri kitakachotokea, tunasoma, nauliza maswali. Mengine jibu lake liko kwenye mstari, mengine lazima mtoto afikiri.

Mwongozo unanipa yote hayo siku kwa siku: sauti ipi, maneno yapi, maswali gani. Kuna walimu waliolalamika kwamba wamefanywa kasuku. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Nina watoto zaidi ya sabini, na jioni nina masomo mengine ya kuandaa. Mwongozo umenipunguzia kazi ya kuwaza leo nianzie wapi, ukaniachia nafasi ya kuwatazama watoto. Hata PRIMR ilionyesha hivyo: shule zilizopata mafunzo, vitabu na miongozo pamoja zilifanya vizuri kuliko zilizopata mafunzo peke yake.

Ubora wa mbinu yenyewe kwa Kiswahili hauna shaka. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Irabu ni tano na hazikugeuki. Mtoto akishika sauti za herufi na kujua kuziunganisha, hakuna neno la Kiswahili atakaloshindwa kulitamka, hata kama halijui. Kazi ngumu iko kwenye herufi zinazoshikana: ch, dh, gh, ny, sh, th, halafu mbw na ngw, na zaidi ya zote ile tofauti ya "ngoma" na "ng'ombe". Kitabu kinaanza na herufi mojamoja na kuyaacha hayo mazito yaje baadaye. Ni mpango wa watu waliofikiri. Mtoto asiyekosa shule, asiye na shida ya kusikia wala ya macho, anasoma sentensi fupi kabla ya mwaka kwisha. Zamani tulikuwa na watoto wa Darasa la Tatu wanaoghani ukurasa mzima kwa sauti tamu, lakini ukigusa neno la katikati ya mstari wananyamaza.

Wazazi wengine huniuliza kwa nini kiwango cha serikali cha kasi ya kusoma ni maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Wanadhani Kiswahili kimedharauliwa. La. Mtoto anayesoma "hatukuwaona" amesoma neno moja tu kwa hesabu, lakini ameunganisha silabi sita. Kiingereza kingeligawa jambo hilohilo katika maneno matano mafupi. Viwango hivyo viliwekwa na watu waliojua tofauti hiyo, na mimi naviamini.

Sasa nije kwa afisa.

Tulikuwa tukimwita tyuta wa TAC, yaani wa kituo cha ushauri kwa walimu, siku hizi ni Afisa wa Usaidizi wa Mtaala. Wakati Tusome ilipokuwa imepamba moto, alikuja kwa boda, akaingia darasani bila kelele, akaketi kwenye benchi la nyuma magoti yakimfika kidevuni, tableti mkononi. Alitazama kipindi kizima akijaza maswali kwenye tableti: je, mwalimu ametamka sauti sawasawa, watoto wana vitabu, wamesoma wenyewe au wamefuata tu. Mwisho wa kipindi, watoto watatu walichaguliwa kwa bahati nasibu. Sikuwachagua mimi, kwa hiyo sikuweza kumpa wale hodari. Kila mmoja alisoma dakika moja. Tableti ilirekodi mahali alipokuwa, na nauli yake ilitegemea ziara alizofanya kweli, kwa hivyo hapakuwa na kujaza fomu ukiwa hotelini unakunywa chai.

Siku moja bahati nasibu ilimwangukia msichana mmoja mdogo, mpole, wa kule karibu na reli. Akafika kwenye neno "dada", akasoma "tata". Akarudia, "tata". Walimu wa huku mnajua mara moja. Lubukusu hakina d iliyosimama peke yake, wala g. Zipo tu zikitanguliwa na n. Kwa hiyo mtoto wetu anaiona d, macho yake hayana kosa lolote, lakini mdomo wake unatoa t. Ndiyo maana "gari" huwa "kari". Afisa, ambaye naye ni mtu wa huku, akaweka tableti kando na kuchutama mbele yake.

"Sema ndizi."

"Ndizi," akasema bila taabu.

"Sema nda."

"Nda."

"Weka vidole hapa kooni. Sema tena nda. Unasikia kunatetemeka? Sasa ile n ibane, usiitoe. Koo liache litetemeke."

Mtoto akafumba macho. Midomo ikahangaika kidogo. "Nnn... da." Kisha, "Da. Dada."

Kesho yake darasa zima lilikuwa na vidole shingoni. Tulipitia nd kwenda d, kisha ng kwenda g, kisha mb kwenda b, maana hata b yetu ya nyumbani ni laini, haifungi midomo kabisa. Jambo hilo halimo kwenye mwongozo na haliwezi kuwamo, kwa sababu mwongozo ni mmoja kwa nchi nzima. Mwalimu wa Kisumu ana shida nyingine kabisa: mtoto wake anasema "sule" badala ya "shule". Mwalimu wa Nakuru mjini ana watoto wa makabila kumi katika darasa moja, huyu anachanganya r na l, yule anachanganya kingine. Serikali inaweza kuchapisha vitabu vizuri hata milioni mia, sauti hazitamkwi na karatasi. Lazima awepo mtu anayelijua eneo, amsikilize mtoto huyu, amwambie mwalimu huyu: jaribu hivi.

Na hili halitokani na mapenzi yangu kwa afisa mmoja. Kisumu, wakati wa PRIMR, walijaribu njia tatu za kutumia teknolojia. Shule nyingine tableti alipewa tyuta, nyingine akapewa mwalimu, nyingine watoto wenyewe walipewa vifaa vya kusomea. Matokeo ya watoto hayakutofautiana sana kati ya makundi hayo matatu. Lakini gharama zilitofautiana sana, na njia iliyoleta faida kubwa kwa fedha kidogo ilikuwa kumpa tableti tyuta anayezunguka shule. Jibu lilipatikana hapahapa magharibi mwa Kenya, mwendo wa saa chache kutoka darasa langu. Kila nikisikia ahadi ya kifaa kwa kila mtoto, natamani anayeahidi angeketi asome matokeo hayo ya Kisumu kwanza.

Sasa hali ikoje? USAID ilisitisha kazi zake Julai 2025 baada ya serikali ya Marekani kuamua kuifunga. Tusome kama mradi wa wafadhili ilikuwa tayari imeshakabidhiwa serikali kabla ya hapo, na vitabu bado vipo na vinatumika chini ya mtaala wa umilisi ulioanza 2019. Kwa macho ya mgeni hakuna kilichobadilika. Mimi ndani ya darasa naona kilichobadilika. Ziara huku kwetu zimekuwa za nadra. Afisa akija, anakuja na mambo mengine manne ya kushughulikia, anatia sahihi na kuondoka. Nauli inamshinda. Walimu wapya wanapelekwa Gredi ya Kwanza bila mafunzo yoyote ya sauti za herufi, wanakabidhiwa mwongozo kama vile ni kitabu cha mapishi. Nimemsikia mwalimu kijana, mwenye bidii na moyo, akifundisha "m" kwa kusema "em, a, ma", na watoto wakamtazama wasielewe "e" imekwenda wapi. Yeye hana lawama, hakuna aliyeketi nyuma ya darasa lake.

Na kuna shule moja, sitaitaja, ambako nilikuta vitabu vya Gredi ya Kwanza vimefungiwa stoo kwa kufuli ili "visichakae kabla ya ukaguzi". Vilikuwa safi kabisa. Watoto wa shule hiyo walikuwa hawajui kusoma. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo haijaniisha.

Upande wa Kiingereza, ukadiriaji wangu unashuka. Ninapofundisha sauti ya a asubuhi kwa Kiswahili, ni a moja. Baadaye siku hiyohiyo, kwa Kiingereza, herufi ileile ina sauti moja kwenye "cat", nyingine kwenye "cake", nyingine kwenye "car". Lugha hiyo ina sauti kama 44 na herufi 26 tu za kuzibeba. Hilo si kosa la mpango, ndivyo lugha yenyewe ilivyo. Ila kuzianza zote mbili kwa pamoja tangu wiki za mwanzo, kwa mtoto ambaye nyumbani anazungumza Lubukusu, ni mzigo ambao mimi nisingempa wangu. Tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976 sera yetu imesema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Ningependa sera hiyo iguse pia mpangilio wa kusoma: muhula mzima wa mwanzo mtoto asome kwa lugha inayoandikwa inavyotamkwa, aonje ushindi, ndipo Kiingereza kije na vituko vyake. Mtoto aliyekwisha kujua kwamba herufi ni sauti hatishiki anapokuta sauti zimebadilika.

Jambo moja ningelichukua kutoka kwa Waingereza. Katika shule za England, tangu 2012, kila mtoto wa mwaka wa kwanza huketi na mwalimu wake mwezi wa Juni na kusoma maneno 40. Nusu yake, 20, ni maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote. Yamewekwa makusudi, kwa sababu mtoto aliyekariri maneno kwa macho hawezi kuyapita, na aliyejua kuunganisha sauti anayapita vizuri. Kiwango kimekuwa 32 kati ya 40, na asiyefika hujaribu tena mwaka unaofuata. Kule watu hubishana sana kuhusu mtihani huo, na wengine wanasema umewafanya walimu wafundishe vipande vya sauti na kusahau hadithi. Naielewa hofu hiyo. Lakini kwetu KNEC, baraza la mitihani la taifa, hupima kusoma Gredi ya Tatu, na kwa mtoto aliyekwama kwenye silabi hiyo ni miaka miwili ya kukaa darasani akijifunza kujificha. Zoezi dogo la mwisho wa Gredi ya Kwanza, maneno machache ya Kiswahili na mengine ya kubuni kama "pemu" au "likofe", lingegharimu karatasi moja na dakika tatu kwa mtoto. Mimi hulifanya darasani kwangu kwa chaki. Hunionyesha wale ambao sauti zao tamu zilikuwa zimenificha shida.

Nakuja kwa maswali ya wazazi.

Akademi na foniksi za Kizungu: nyingi hutumia Jolly Phonics au mfano wake. Ina sauti 42, inaanza na s, a, t, i, p, n, na kila sauti ina kitendo cha mwili. Kwa Kiingereza ni mpango mzuri, umepangwa kwa akili, na watoto huufurahia. Lakini ujue unachonunua. Hautamfundisha mtoto wako kusoma Kiswahili, na mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima wa Kiingereza vizuri kabisa asijue hata neno moja limesema nini. Kabla ya kulipa karo, mwombe mtoto wa pale akusomee aya moja, kisha akusimulie kwa maneno yake mwenyewe kilichotokea. Ukipata usimulizi, lipa. Ukipata matamshi matupu, bakiza pesa zako.

Kozi za wikendi za foniksi kwa walimu na wazazi: kuna moja niliyohudhuria katika hoteli ya mjini, siitaji jina. Ada ilikuwa ya kuumiza, cheti kilikuwa cha kung'aa, na sehemu kubwa ya siku ilienda kwenye lafudhi, jinsi ya kutamka kama mtu wa London. Hakuna aliyetaja Kiswahili. Hakuna aliyetaja mtoto mwenye "tata" mdomoni. Ukiona tangazo la kozi kama hiyo, uliza swali moja: tutafundisha watoto gani? Jibu likiwa la jumla, usiende.

Kadi na chati za herufi: nyingi ni za Kiingereza zilizovikwa rangi. Kagua hivi ukiwa bado dukani. Herufi a ina picha ya tufaha? Hiyo ni ya Kiingereza, iache. Kuna kadi ya ch, ya dh, ya ny, ya ng'? Kama hakuna, haitamfikisha mtoto mbali. Nzuri kuliko zote ni ya kujitengenezea: boksi la sabuni au la mafuta, kalamu ya wino mzito, na mkasi. Kata vipande vya ukubwa wa kadi za karata, andika silabi kila kimoja, mpe mtoto ajenge maneno mezani au kwenye mkeka. "Ma" na "ji" ni maji. Ukizigeuza, amepata "jima", na atakuuliza ni nini. Mweleze kwamba si neno analolijua, ila amelisoma vizuri.

Na kuhusu kitabu cha shule kurudi nyumbani, hapa ndipo ninapotaka wazazi wanisikilize. Mwaka uliopita nyanya mmoja, anayeuza nyanya na sukuma soko la Chwele, alikuja kunirudishia kitabu cha mjukuu wake kikiwa kimefungwa kwenye lesso.

"Mwalimu, kichukue. Huyu atakirarua, nami sina cha kukilipia."

"Kukhu, nyanya yangu, kikiraruka tutakishona. Akae nacho."

"Na mimi sikusoma. Nitajuaje kama anasoma au ananidanganya?"

"Wewe tazama kidole. Aweke kidole chini ya kila neno. Kidole na sauti vikienda pamoja, anasoma. Kidole kikitangulia, au kikibaki nyuma, amekariri. Mwambie arudie pole pole."

Alitikisa kichwa, akaondoka na kitabu chake. Wiki iliyofuata alipita shuleni na kapu kichwani, akasimama dirishani wakati nafundisha na kuniambia kwa sauti ya juu, watoto wote wakisikia, "Jana kidole kilikimbia! Nimemrudisha mara tatu!" Mjukuu wake sasa yuko Gredi ya Pili na anasoma. Bibi huyo hakuhitaji kozi ya hotelini.

Kwa jumla, kama una mtoto wa kuanza Gredi ya Kwanza na uwezo wako ni shule ya umma, usione haya wala usihisi umemnyima kitu. Mpango huu, ukifundishwa unavyotakiwa, unashinda akademi nyingi ninazozijua kwa kusoma Kiswahili. Kinachotofautisha shule na shule ni mambo ambayo mzazi anaweza kuyauliza kwenye mkutano wa kwanza wa muhula, bila ugomvi. Vitabu viko mikononi mwa watoto au stoo? Mtoto ataruhusiwa kwenda nacho nyumbani? Mwalimu wa Gredi ya Kwanza amefunzwa sauti za herufi, na nani? Na afisa wa mtaala aliingia darasani mara ya mwisho lini? Kuhusu hilo la mwisho, usiridhike na kuambiwa "huwa anakuja". Kuna kitabu cha wageni ofisini kwa mwalimu mkuu, kila anayefika hutia sahihi na tarehe. Omba kukiona. Kama sahihi yake haimo muhula mzima, andikeni barua kama wazazi, mtie sahihi wote, mpeleke kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo mkidai atafutiwe nauli. Mwalimu wa mtoto wenu hatakasirika. Huenda ndiye atakayewapa kalamu.